Saa za Nani? Upokezi wa Sinema ya Taratibu na Maji Yanayopanda katika Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wahakiki walivyoipokea filamu ya Lemohang Jeremiah Mosese, This Is Not a Burial, It's a Resurrection (2019), inayosimulia habari za kijiji cha Lesotho kinachosubiri kufunikwa na maji ya bwawa. Upokezi huo unasomwa kutoka mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hususani Rumonge, ambako maji yamepanda na watu wamelazimika kuhama. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wa sinema ya taratibu umezoea kupima taratibu kwa saa za mtazamaji na kusahau saa za anayesubiri maafa. Matokeo yake ni kwamba makaburi, ambayo ndiyo kiini cha mgogoro wa filamu, yamesomwa kama ishara ya kiroho tu. Kwa msomaji wa Rumonge, mji wenye kumbukumbu ya mwaka 1972 na migogoro ya ardhi iliyofuata, kaburi ni ushahidi pia. Makala inahitimisha kwa kupendekeza maswali ambayo watafiti na washauri wa sera wanaweza kuyachukua kutoka katika filamu hii.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni wakazi wa mwambao wa Burundi wameshuhudia Ziwa Tanganyika likipanda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalifunika fukwe, yakaingia katika makazi yaliyo karibu na ziwa mjini Rumonge, yakavuruga shughuli za bandari ya Bujumbura, na ng'ambo ya pili yakawafikia watu wa Uvira na Kalemie. Mwezi Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa zilitoa wito wa pamoja wa msaada, zikieleza kwamba watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua na mafuriko tangu Septemba 2023.

Inafaa kutofautisha aina mbili za mafuriko. Mto Rusizi ulipovunja kingo zake na kuingia Gatumba mwaka 2020, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Ziwa lina mwendo mwingine. Hupanda kwa kadiri ya vidole, likaacha alama ukutani, likarudi nyuma kidogo wakati wa kiangazi, kisha likapita alama ile masika yanayofuata. Mwenye nyumba hupata muda mrefu wa kuyatazama maafa yake yakija. Je, sanaa ina nini cha kusema juu ya muda huo? Na wahakiki, ambao kazi yao ni kutufundisha kutazama, wameusemaje?

Filamu iliyokabili swali hilo kwa ukamilifu zaidi haikutengenezwa kando ya ziwa hili, bali katika milima ya Lesotho. Makala hii inaihamishia Rumonge kwa makusudi, kwa kuwa filamu huonyesha sura mpya inapotazamwa na watu wenye maji mlangoni.

2.0 Mjadala wa Taratibu

Sinema ya taratibu ni ile yenye shoti ndefu, maneno machache na matukio yanayoachiwa yaende kwa mwendo wake. Dhana hiyo ilipata nguvu katika uhakiki mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikihusishwa na Mfaransa Michel Ciment. Mwaka 2010 Nick James, mhariri wa jarida la Sight & Sound la Uingereza, aliandika tahariri akihoji kama filamu hizi hazidai muda mwingi kwa malipo madogo. Mwaka uliofuata Dan Kois, akiandika katika jarida la New York Times, alizifananisha na mboga ambazo mtu hujilazimisha kuzila kwa ajili ya afya. Manohla Dargis na A. O. Scott wa gazeti hilohilo walimjibu kwa kuutetea mwendo huo, na hata kuitetea haki ya filamu kuchosha.

Pande zote za mjadala huo zilikubaliana juu ya jambo moja ambalo hazikulitaja, nalo ni kwamba muda unaojadiliwa ni wa mtazamaji. Aliyelalamika alihesabu saa zake zilizopotea, na aliyetetea alihesabu saa zake zilizotajirishwa. Muda wa wale wanaoonyeshwa ulibaki kuwa malighafi.

Mazoea haya yana asili yake. Filamu mashuhuri za taratibu kuhusu maafa yanayonyemelea zimeyachukulia maafa kuwa ya wote kwa pamoja. Katika The Sacrifice (1986) ya Andrei Tarkovsky tishio ni vita vya nyuklia. Filamu hiyo ilionyeshwa Cannes mwezi Mei mwaka huo, wiki chache tu baada ya ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili, na ikawa vigumu kuitazama bila kuikumbuka ajali hiyo. Katika Melancholia (2011) ya Lars von Trier sayari inaigonga dunia, na katika The Turin Horse (2011) ya Béla Tarr mwanga wenyewe unazimika. Maafa yanapowapata wote kwa saa moja, mtazamaji hana sababu ya kuuliza nani ataanza kuzama, nani amejua mapema, nani atalipwa fidia. Anabaki na tafakuri. Tatizo huanza pale kipimo hiki kinapotumiwa kwa filamu ambayo maji yake huchagua.

3.0 Filamu ya Mosese na Sifa Ilizopewa

Mantoa ni mjane wa miaka 80. Anamsubiri mwanawe arudi kutoka migodi ya Afrika Kusini, na badala yake anapokea habari za kifo chake. Kwa kuwa amekwisha kuwazika wote aliokuwa nao, anaanza kujiandaa kwa kifo chake mwenyewe. Ndipo kijiji kinapoarifiwa kwamba kitahamishwa, kwa sababu bonde lao litakuwa bwawa. Mantoa anawaza makaburi. Mwanamke aliyekuwa akitaka kufa anapata sababu ya kuishi, yaani kuilinda ardhi atakayozikwa. Kijiji kinaitwa Nasaretha, jina lililoletwa na wamisionari, lakini wenyeji wanalikumbuka jina la kale lenye maana ya uwanda wa machozi.

Filamu ilionyeshwa kwanza Venice mwaka 2019. Mwaka 2020 ilipata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Sundance kwa utengenezaji wa filamu wenye maono, na baadaye ikawa filamu ya kwanza ya Lesotho kuwasilishwa kuwania tuzo za Oscar. Mwigizaji wake mkuu, Mary Twala wa Afrika Kusini, alifariki Julai 2020, na tangu hapo imekuwa vigumu kuuzungumzia uso wake katika filamu bila kuzungumzia maombolezo.

Jina la tuzo ya Sundance linaeleza mwelekeo wa upokezi mzima. Sifa nyingi zimekusanyika kwenye maono: rangi nzito za Pierre de Villiers aliyeshika kamera, fremu iliyobanwa kuelekea mraba, sauti za muziki wa Yu Miyashita, na taswira ya Mantoa akiwa ameketi kati ya kondoo ndani ya nyumba yake iliyoteketea. Sifa hizo ni za haki. Hakuna sababu ya kumnyima Mosese ufundi wake ili kumpa siasa. Lakini mhakiki anapoishia kwenye maono, anaifanya filamu kuwa hekaya isiyo na mahali. Nasaretha inageuka kuwa kijiji chochote, bwawa linakuwa maendeleo yoyote, na makaburi yanakuwa ishara ya mila inayokufa.

Nyuma ya hekaya hiyo yapo mambo yenye tarehe. Lesotho na Afrika Kusini zilitia saini mkataba wa maji ya nyanda za juu mwaka 1986. Bwawa la Katse lilijengwa, kisha la Mohale, na maji ya milimani yakawa yanauzwa kwa jimbo la Gauteng. Mwana wa Mantoa amekufa akiichimba ardhi ya nchi hiyohiyo itakayonywa maji ya kaburi la baba yake. Filamu hailisemi jambo hili kwa hotuba. Inalipanga tu, kifo cha mgodini kwanza na tangazo la bwawa baadaye, na kumwachia mtazamaji kuunganisha. Mpangilio huo unahitaji muda. Hapa taratibu ni namna ya kujenga hoja, hatua kwa hatua, na mhakiki anayeiona kama hali ya moyo peke yake anaikosa.

4.0 Ziwa Lililoazimwa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiitumie filamu inayoihusu Burundi yenyewe. Petit pays (2020) ya Éric Barbier, iliyotokana na riwaya ya mwaka 2016 ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, ni filamu ya kusubiri maafa. Mvulana Gabriel anacheza na rafiki zake wakati uchaguzi wa 1993, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba mwaka huo, na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 vinakaribia na kufika.

Filamu hii ina nguvu zake, hasa katika uigizaji wa Isabelle Kabano kama mama anayevunjika. Hata hivyo, inatofautiana na ya Mosese kwa mambo mawili. La kwanza ni muda. Mtazamaji anaijua tarehe ya 1994 kabla ya kuketi, kwa hiyo anawahesabia wahusika siku zao, na Oktoba 1993 ya Burundi inageuka kuwa ngazi ya kuelekea maafa ya nchi jirani. Notre-Dame du Nil (2019) ya Atiq Rahimi, inayosimulia shule ya wasichana katika milima ya Rwanda mwaka 1973, inabeba mzigo huohuo wa tarehe ambayo wahusika hawaijui na mtazamaji anaijua.

La pili ni mahali. Petit pays ilipigwa picha Rwanda, na Ziwa Kivu likasimama badala ya Tanganyika. Mto Rusizi hutoka Kivu na kumwaga maji yake Tanganyika, kwa hiyo ziwa lililoazimwa kwa ajili ya filamu hufika Rumonge kwa njia yake. Lakini katika filamu ziwa ni mandhari ya utoto uliopotea, ni kitu kizuri kilichoachwa nyuma. Mvuvi wa ndagala na mukeke hawezi kulitazama ziwa hivyo. Kwake ziwa ni mahali pa kazi, na sasa ni jirani anayesogeza mpaka.

5.0 Ikiza na Ibiza: Kusoma kutoka Rumonge

Katika Kirundi, matukio ya mwaka 1972 yanaitwa ikiza. Tarehe 29 Aprili mwaka huo mashambulizi ya waasi yalianza kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, na ukandamizaji wa dola uliofuata uliwaua watu wanaokadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengi walikimbilia Tanzania. Wingi wa neno hilohilo, ibiza, ndilo linalotumika leo kwa mafuriko, maporomoko ya udongo na majanga mengine ya asili. Lugha imeyaweka chini ya paa moja mauaji yaliyoamriwa na watu na maji yaliyoletwa na mvua.

Kuna hekima katika hilo, kwa sababu anayepatwa hupoteza nyumba vilevile. Lakini kuna hatari pia. Baa halina mhusika, wala halipelekwi mahakamani. Mauaji yakiitwa baa, anayewajibika hujificha nyuma ya neno. Na mafuriko yakiitwa baa tu, maamuzi yaliyowaweka watu kwenye njia ya maji hupotea kimyakimya.

Maamuzi hayo yana historia. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Katika miaka ya 1870 wasafiri Cameron na Stanley waliukuta umezibwa na matete na matope. Kizuizi kilipovunjika karibu na mwaka 1878, ziwa lilishuka kwa mita kadhaa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha hadi kilele cha 1964, kisha likashuka tena na kuacha ardhi wazi, ambayo baada ya muda ilijengwa. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inatenga ukanda wa mita 150 kutoka ziwani usiojengwa. Swali la kiutawala ni hili: mita 150 kutoka ziwa la mwaka gani? Mpaka uliopimwa maji yakiwa chini hauko mahali pamoja na mpaka unaopimwa maji yakiwa juu. Yupo aliyejenga nje ya ukanda na sasa yumo ndani yake bila kusogeza tofali moja.

Kwa Rumonge suala la kuhama ni zito zaidi. Huu ni mji wa bandari na wa mawese, wenye jamii ya Waswahili ya muda mrefu. Wengi waliokimbia 1972 waliporudi, hasa baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, waliikuta ardhi yao ikilimwa na wengine, mara nyingine kwa idhini ya dola. Tume ya ardhi na mali nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia migogoro hiyo nchini kote. Katika mazingira ambamo hati hazipo au zinapingana, familia hutegemea ushahidi mwingine: mti uliopandwa na babu, msingi wa nyumba ya zamani, na kaburi. Wapo pia wasio na kaburi linalojulikana, kwa sababu wafu wa 1972 walitupwa katika mashimo ya pamoja, ambayo mengine Tume ya Ukweli na Maridhiano imeyafukua katika miaka ya karibuni.

Tukirudi kwa Mantoa, ukaidi wake sasa unasomeka upya. Anapokataa makaburi yafunikwe, anatetea imani, ndiyo, lakini anatetea pia kumbukumbu ya pekee inayoonyesha kwamba watu wake walikuwa hapo. Kijiji chake hakina masjala nyingine. Maji yakiifunika, madai yoyote ya baadaye yatakuwa maneno matupu dhidi ya ramani ya serikali. Mhakiki anayeyaona makaburi hayo kama ishara tu amesoma nusu ya filamu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowahusu watu wa sera.

Ndipo swali la saa za nani linapopata jibu. Taratibu ya filamu ya Mosese inalingana na muda ambao kazi ya haki inauhitaji: kutambua nani kazikwa wapi, nani alilima nini, nani aulizwe kabla ya kuhamishwa. Tangazo la kuhama hutolewa katika mkutano mmoja, na kazi hiyo huchukua miaka. Mtazamaji anayechoshwa na saa mbili za filamu ameonjeshwa sehemu ndogo ya pengo hilo.

6.0 Mipaka ya Filamu

Usomaji huu hauifanyi filamu kuwa kamili. Maji ya Nasaretha yana mwenyewe. Yana mkataba, mhandisi na wafanyakazi wenye mavazi ya manjano. Mantoa anajua amwelekee nani. Maji ya Rumonge hayana mtu mmoja wa kuelekewa. Yamechangiwa na mvua, na mabadiliko ya tabianchi, na udongo unaoshuka kutoka vilima vilivyokatwa miti, na viwanja vilivyogawiwa. Mamlaka yake yamegawanyika kati ya nchi nne zilizotia saini mkataba wa pamoja wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003. Filamu inayomhitaji mpinzani mwenye sare haitoshi kueleza maafa ya aina hii.

Pia, Mosese anampandisha Mantoa mpaka karibu na utakatifu, na wanaokubali kuondoka wanabaki na sauti hafifu. Kwenye mwambao wetu mwenye kutaka kuhama ana hoja nzito. Mama ambaye watoto wake wanalala juu ya maji machafu hahitaji kufundishwa thamani ya makaburi. Anahitaji kiwanja kisichokuwa cha mtu mwingine. Hapa filamu imeelemea upande mmoja, na wahakiki walioisifu kwa maono hawakuwa na sababu ya kuliona hilo, kwa kuwa katika hekaya hakuna anayeomba kiwanja.

Lipo, hata hivyo, jambo la umbo linaloiweka filamu hii karibu na watazamaji wetu kuliko inavyodhaniwa. Inasimuliwa na mzee aliyeketi katika kilabu chenye mwanga hafifu, akipuliza lesiba, ala ya Wasotho ya uzi na unyoya. Msimulizi huyo anasimama kati ya picha na hadhira, kama walivyofanya wafasiri wa filamu katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, akina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, waliozipa filamu za kigeni sauti ya Kiswahili na kuzifanya za wenyeji. Dai kwamba sinema ya taratibu ni ya kumbi za matamasha pekee linasahau kwamba watazamaji wetu wana utamaduni wa kuijaza kimya kwa maelezo, maswali na ubishi. Filamu hii, ikisimuliwa kwa Kiswahili katika mji wa ziwani, ingekuwa mwanzo mzuri wa baraza.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba upokezi wa filamu ya Mosese uliheshimu ufundi wake na kuipunguzia hoja yake, kwa sababu uhakiki wa sinema ya taratibu umejizoeza kuhesabu muda wa anayetazama. Kutoka Rumonge, hesabu hiyo inageuka. Maafa yanayokuja polepole yana nafasi nyingi za kuamua, na kila nafasi inayopita bila uamuzi ni uamuzi pia.

Kwa watafiti wa fasihi na sinema, pendekezo ni kuuchunguza upokezi wa watazamaji wanaoishi ndani ya hali inayoonyeshwa, na kuyapa maoni yao uzito sawa na ya majaji wa matamasha. Kwa washauri wa sera, filamu inaacha maswali matatu yanayoweza kuulizwa katika mkutano wowote wa kuhamisha watu kutoka mwambao. Mpaka wa maji umepimwa mwaka gani? Ushahidi wa umiliki na wa maziko umeandikwa kabla ya kufunikwa, na nani kauandika? Ardhi wanayopelekwa watu ina wenyewe wengine ambao bado hawajarudi? Rumonge imekwisha kuona mara moja gharama ya kulijibu swali la tatu kwa kuchelewa. Ziwa, kwa mwendo wake, bado linatoa muda wa kuyajibu yote matatu.